Vitasa vya Mbayuwayu

JUMATANO, SAA 9:20 ALASIRI

"Saa nne na robo Pazi anaingia kwenye gari," alisema Godbless. "Saa nne na dakika arobaini gari liko mbele ya lori. Saa tano kamili lori liko barabarani. Mtu asiniletee saa tano na dakika moja."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha gesti moja ya Isevya. Kitanda kimoja, feni mbovu, dirisha limezibwa kwa boksi la sabuni. Godbless alikaa kitandani peke yake, hakuna aliyethubutu kukaa naye. Mbele yake, juu ya stuli, kulikuwa na kalenda ya zamani. Nyuma ya kalenda hiyo alikuwa amechora kwa peni nyumba ya msiba, soko, barabara ya Itigi, na kwenye kilomita ya kumi na nne ghala la tumbaku ambalo halitumiki tena. Juu ya ramani aliweka mguu wa kuku. Bastola ile haikuwekwa pale kuzuia karatasi isipeperuke. Feni haizunguki, upepo utoke wapi?

"Fundi, fungua boksi tuone."

Dionis alikuwa amesimama mlangoni, boksi dogo kifuani. Akalifungua. Ndani, katika karatasi laini, vililala vitasa viwili vya nje vya milango ya gari, cha kushoto na cha kulia, vyembamba, vimepakwa nikeli inayong'aa mpaka unajiona meno.

"Hivi tu?" Pazi akacheka. "Mwezi mzima mnasumbuana kwa vijiko viwili?"

"Bila hivyo vijiko gari ni bati," alisema Godbless. "Mteja wa Dar kasema hivyo mwenyewe. Milango ifunguke, vioo visivunjwe, rangi isikwaruzwe. Anataka gari, hataki skrepa."

Gari lenyewe Tabora nzima ililijua. Gari la mbio la milango miwili, la mwaka sabini na mbili, pua ndefu, mgongo umeteremka. Mzee Raymundi, mwenye nalo, aliliita Mbayuwayu. Vitasa vyake vilikatika kimoja baada ya kingine, na mzee akakataa katakata vya kuchongesha. Alitaka vyenyewe. Miezi kumi na moja alimtuma Dionis kuvitafuta, akisubiri kila treni kama mtu anayesubiri mgeni. Vikaja Jumatatu. Mzee alikuwa amefariki Jumapili.

Familia ikasema basi, avifunge tu. Mbayuwayu limsindikize mzee makaburini siku ya Alhamisi, liwe na vitasa vyake. Kufa kufaana. Godbless aliposikia habari ile hakulala.

"Sasa tuambie tena wewe, Mzaramo," alisema. "Unalitoaje gari mbele ya watu mia tatu?"

Pazi akajiweka sawa. Alikuwa muuza mitumba, mwembamba, mdomo haumtulii. Miaka sita yuko Tabora, na miaka sita hakuna msiba wa Mnyamwezi aliokosa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipopishana na mizigo kichwani kwenye njia ya Bagamoyo. Na mtani msibani ana ruhusa yake. Atamwiga marehemu, atamtukana, atanyakua kitu cha msiba akimbie nacho, na hakuna wa kumkasirikia. Pazi aliwahi kuingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka alipopewa kuku.

"Kirahisi," alisema Pazi. "Naingia, napiga honi, napiga kelele kwamba gari la marehemu nimelichukua, wanigomboe. Watacheka mpaka walie. Mpaka waje waseme huyu mbona harudi, sisi tumeshavuka Kigwa."

"Na Tabora ndiyo basi tena kwako."

"Ndiyo basi." Kicheko kilimpotea kidogo. "Nimewazikia watu wao miaka sita. Basi."

"Simu zote zinazimwa saa nne. Nikisikia simu inalia, nampiga risasi mwenye simu." Godbless akamgeukia Dionis. "Wewe unabaki msibani. Unalia na wenzako. Swali?"

Dionis alikuwa na swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa limekaa sakafuni, mgongo ukutani, karibu na viatu vya Godbless. Festo. Mdogo wake wa tumbo moja. Alimwendeshea Godbless magari ya wizi mwaka mzima, kisha siku moja Nzega akaogopa, akaliacha gari njiani na funguo ndani, akasema anarudi kwao kulima tumbaku. Kundi la Godbless halina kustaafu. Wawili waliojaribu kabla yake waliokotwa kando ya reli. Festo alipona kwa sababu moja tu. Dionis alikwenda kupiga magoti, akasema, nikupe Mbayuwayu, unipe ndugu yangu.

"Festo," alisema Dionis. "Anashuka lini?"

"Gari likipanda, yeye anashuka. Gari lisipopanda..." Godbless akachukua mguu wa kuku, akaufuta kwa shati. "Ramani umeiona."

Festo akamtazama kaka yake, akajaribu kutabasamu. Hakuweza.

ALHAMISI, SAA 1:40 ASUBUHI

Nyumba ya msiba ilikuwa Cheyo, ua mpana, maturubai matatu, moshi wa kuni, kinamama wanaimba nyimbo za kanisani kwa zamu. Mbayuwayu liliegeshwa kando ya ukuta, rangi ya chungwa. Pale vitasa vilipokuwa kulibaki matundu mawili kila mlango.

Dionis alipitisha waya kwenye tundu, akaubonyeza ulimi wa kitasa, mlango ukaachia. Akalitoa kava la ndani la mlango. Mkono ukazama kwenye bati mpaka kwenye kiwiko, vidole vikitafuta nati gizani. Hii ndiyo kazi aliyoipenda. Mikono inaona yenyewe, macho yanapumzika.

Leo haikuona. Nati ilimponyoka mara tatu.

"Fundi wangu, mwangaluka," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Katarina, binti wa marehemu, khanga mbili nyeusi, macho yamevimba. Mkononi alikuwa na kikombe cha uji.

"Mwangaluka, dada. Pole na uchovu."

"Tumeshapoa. Kunywa kwanza." Akaugusa mlango. "Unajua siku ya mwisho aliniuliza nini? Hakuniuliza watoto wangu. Aliniuliza, Dionis kavipata?"

Dionis akanywa uji. Ulikuwa wa moto, akaumeza hivyohivyo uunguze.

"Alikuwa akikuamini sana," alisema Katarina. "Alisema mafundi wote wa mji huu wezi, isipokuwa mmoja."

Angemwambia nini? Angesema, dada, yule mmoja naye kaisha? Alirudisha mkono ndani ya mlango. Katika akili yake alikuwa na picha moja tu, ya Festo kando ya reli. Kila ilipokuja aliibana nati zaidi.

Saa tatu kasoro kitasa cha kulia kilikaa. Akaunganisha fito na klipu, akavuta. Mlango ukafunguka kwa mlio mdogo, safi. Cha kushoto kilikula muda. Makomeo ya ndani, yale ya kujifungia, hakuwahi kuyafunga. Yalihitaji saa nyingine, na saa hiyo hakuwa nayo. Akarudisha makava, akafuta alama za vidole vyake kwenye nikeli kwa pamba.

Jirani mmoja alikuja kutazama. Bimdogo, bibi wa Kimanga ambaye familia yake ilifanya biashara Tabora tangu enzi za misafara, mkongojo mkononi, ushungi wa kijivu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kitasa, akakiachia, akavuta tena. "Mashallah. Kazi ya mtu aliyefundwa na mzazi wake."

Wacha we! Kuna sifa zinazouma kuliko kofi.

SAA 4:00

Dionis alizima simu. Jua lilishakuwa kali. Jeneza lilikuwa sebuleni, kifuniko wazi, watu wanapita kuaga. Misa ilikuwa saa sita.

Pazi aliingia uani kwa mbwembwe zake zote. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya kaptula, bomba la baiskeli shingoni kama tai. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Yuko wapi huyu Mnyamwezi aliyekufa bila ruhusa yangu?" alipiga kelele. "Babu yake alimbebea babu yangu meno ya tembo mpaka pwani, akaibiwa njiani! Leo kafa hajanilipa fidia! Hakuna kuzika!"

"Mfukuzeni huyo mla nguru!" mzee mmoja alijibu, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Kinamama walioimba tangu alfajiri waliinamia magoti yao.

Dionis alimtazama Pazi machoni. Yale macho hayakuwa yakicheza. Yalikuwa na maji.

SAA 4:15

"Hili nalichukua!" Pazi alikuwa ameshavuta kitasa kipya, mlango umefunguka, yumo ndani. Funguo zilikuwa mahali pake, Dionis ndiye aliyeziacha. Injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma. "Gari la marehemu nimelinyakua! Mwenye uchungu anigomboe!"

"Mwizi! Mwizi wa pwani!" watu walishangilia. Wengine walipiga vigelegele. Vijana walimfungulia geti kwa heshima zote. Mbayuwayu likatoka na honi mfululizo, vumbi likatanda.

Katarina alisimama mlangoni pa nyumba, mkono mdomoni. Alikuwa akicheka. Siku nne hakucheka, na sasa machozi yalimtoka kwa kicheko.

"Jamani Pazi!" alisema. "Baba angemfurahia huyu!"

Dionis alihesabu moyoni. Dakika ishirini na tano. Apite soko, ashike barabara, afike ghalani. Festo ashuke. Ashuke tu, wapande basi la jioni, waende Goweko kwa mama. Mengine Mungu atajua.

SAA 4:29

Kicheko kilipokwisha, kamati ya msiba ilikaa chini. Mwenyekiti akauliza kama wamsubiri mtani arudi mwenyewe.

"Arudi mwenyewe?" Bimdogo aligonga mkongojo. "Nyie watoto wa siku hizi mnajua nini? Alichochukua mtani hakirudi chenyewe. Kinagombolewa, na kinagombolewa kabla maiti haijatoka ndani. Marehemu mume wangu Darwesh, Mwarabu mtupu, alipofariki, huyu Raymundi alitwambia Pazi kachukua jembe, hatuziki. Tukamfuata Pazi mpaka stesheni na kuku mkononi. Leo ni yeye mwenyewe kalala pale, mnataka kumkatia utani wake?"

Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Kweli. Bibi kasema kweli.

Dionis akatazama geti. Hili hawakulipanga. Pazi alizoea kunyakua kofia, jembe, kiatu, vitu vya kukimbia navyo hatua hamsini. Walifikiri utani ni mlango wa kutokea tu.

"Bi, samahani," alisema Dionis. "Si tungesubiri kidogo? Misa..."

"Misa saa sita. Sasa hivi saa ngapi?"

Katarina alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni. "Nileteeni kuku. Bodaboda wangapi wako kijiweni?"

Walikuwa ishirini na wawili, na hakuna aliyetaka kubaki. Mzee Raymundi aliwatengenezea wote pikipiki bure wakati mmoja au mwingine. Walivunja matawi, wakayafunga kwenye vioo na taa. Ngoma moja ikapanda, na bibi mmoja wa kwaya akapanda nyuma ya ngoma.

"Fundi, njoo," Katarina alimwita. "Wewe ndiye mwenye mkono wa gari lile. Likizima njiani nani ataliwasha?"

"Dada, mimi nibaki hapa nisaidie..."

"Twende bwana!"

Akapanda. Angefanya nini? Barabarani aliwasha simu kwa siri, akampigia Godbless. Imezimwa. Pazi. Imezimwa. Ndivyo amri ilivyotolewa, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa ameitii.

SAA 4:41

Kumtafuta hakukuwa na kazi. Pazi badala ya kupita soko alikuwa amelizunguka mara tatu, akipiga honi, akitangaza bei ya ugombozi kwa wauza nyanya. Kuku mmoja, khanga doti moja, na busu la mjane. Hakuweza kujizuia. Mtani ni mtani.

"Kashika njia ya Itigi!" dereva wa bajaji aliwaonyesha, akicheka. "Mbio kama risasi!"

Mkulima wa tumbaku aliyesukuma baiskeli aliwaonyesha tena. Kisha muuza asali kando ya lami. Kila mtu alionyesha kwa furaha. Dionis aliomba pikipiki yao ipasuke tairi. Haikupasuka. Aliomba Pazi awe amewahi, lori limeshaondoka. Nyuma yake ngoma ilipigwa na pikipiki ishirini na mbili ziliimba.

"Wimbo huu baba aliupenda," Katarina alimpigia kelele sikioni. Kuku alikuwa mapajani mwake, kimya kabisa.

SAA 4:56

Ghala lilikuwa mita mia moja kutoka barabarani, kuta zimeliwa na mchwa. Lori lilikuwa limegeuzia mgongo mlango, mbao mbili ndefu zimeegeshwa nyuma yake. Mbayuwayu lilikuwa katikati ya mbao, pua juu, Festo kwenye usukani, Pazi chini akiongoza kwa mikono.

Dakika moja zaidi ingetosha. Moja.

Pazi ndiye aliyewasikia kwanza. Akageuka. Dionis aliona uso wake ukibadilika, hofu kwanza, halafu kitu kingine, kitu ambacho mtu hawezi kukizuia kwa sababu kimo mwilini. Miguu yake ilianza kucheza. Walikuja kumgomboa. Kilomita kumi na nne, na ngoma, na kuku! Msiba gani mwingine ulimpa Mzaramo heshima kama hii?

Akaanza kuwaendea, mikono juu, anacheza.

"Nimekataa! Kuku mdogo huyo!" alipiga kelele. "Nataka na mjane!"

Waombolezaji wakashangilia, matawi juu.

Godbless alitoka upande wa dereva. Alikuwa mtu wa kuja, kwao hakuna utani wa namna hii, na hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba utani huishia kwenye ugombozi. Yeye aliona pikipiki ishirini na mbili, fimbo na majani, watu wanapiga kelele. Aliwahi kuona umati wa namna hiyo, kwingine, na alijua hufanya nini kwa wezi. Na mbele yake Pazi anakwenda kuwapokea huku anacheka.

"Umenichoma," alisema Godbless. "Mshenzi wewe, umenichoma!"

"Hapana!" Dionis alijisikia akipiga kelele. "Hao ni..."

Mlio ulikuwa mkavu, mmoja. Pazi alicheza hatua moja zaidi. Kisha akakaa chini, kama mtu aliyechoka, akalala ubavu. Kuku aliruka kutoka mikononi mwa Katarina.

Hakuna aliyeelewa kwa muda wa pumzi mbili. Pumzi hizo mbili zilimtosha Godbless. Aliruka ndani ya lori, akakanyaga mafuta, mbao zikachomoka, na Mbayuwayu likadondoka chini kwa makalio yake. Lori lilipita vichakani, likaingia barabarani, likapotea. Hakutazama nyuma. Festo alikuwa nani kwake?

"Wamemuua mtani!" bibi wa kwaya alipiga ukunga. "Majambazi wamemnyang'anya gari, wamemuua mtani wetu!"

Ndivyo walivyoelewa. Na mtani si mgeni. Mtani akifa msibani kwako amekufia mikononi, ni wako.

"Yule mwenzao yumo ndani ya gari!"

Festo alikuwa ameng'ang'ania usukani, vioo vimefungwa. Mtu mmoja aliokota jiwe. "Msivunje vioo vya baba!" Katarina alilia, bila kujua kwa nini alilisema hilo, mtu akiwa amekufa miguuni pake. Yule mtu akaangusha jiwe. Akanyoosha mkono, akavuta kitasa.

Mlango ukafunguka kwa mlio mdogo, safi. Komeo la ndani halikuwepo. Dionis ndiye aliyeliacha.

Wakamtoa.

"Wewe nani? Mko wangapi? Nani kawaleta?"

Festo alikuwa amepiga magoti, mdomo unatoka damu. Macho yake yalizunguka duara la watu mpaka yakamfikia kaka yake. Yakatulia hapo. Dionis alifungua mdomo. Ni mdogo wangu. Maneno matatu tu. Aliyaona. Na aliona pia yatakayofuata, mikono ikimgeukia, Katarina akimtazama, Bimdogo akiambiwa. Akaogopa. Tusimtafutie jina jingine. Aliogopa.

Festo alimsoma. Tangu utotoni alikuwa anajua kumsoma.

"Niko peke yangu," Festo aliwaambia. "Simjui mtu hapa."

"Mwacheni! Polisi waje!" Katarina alivuta watu mashati, akasukumwa, akaanguka. Hawakumsikia. Walikuwa wanalia, wengi wao, walipokuwa wakipiga. Mwendesha bodaboda aliyembeba Dionis alimpita mbio na fimbo, akampiga kikumbo.

"Fundi, umesimama tu? Hukumpenda mzee?"

Dionis alisogea hatua mbili. Hakujua anakwenda kumkinga au kumpiga, na mpaka leo hajui. Alipofika, hakukuwa tena na la kukinga.

SAA 6:25 MCHANA

Polisi walikuja na magari mawili. Walimfunika Pazi kwa khanga ya Katarina. Waombolezaji walikuwa wameshapanga, wamesimama kando ya barabara kwa aibu, kwamba mtani atazikwa kesho karibu na Mzee Raymundi, kwa heshima, kama ndugu. Waliosimama na fimbo hawakuwa nazo tena. Hakuna aliyempiga mtu. Ukiuliza, kila mmoja alifika wakati yote yamekwisha.

Askari mmoja, mtu mzima, daftari mkononi, alisimama juu ya yule mwingine. Hakuna aliyekuwa amemfunika.

"Nani anamfahamu huyu?"

Watu wakatazama barabara.

"Hana kitambulisho, hana simu. Wewe fundi, wanasema unajuana na watu wa magari mji mzima. Hebu njoo umwangalie vizuri."

Dionis akaenda. Akachuchumaa. Uso ulikuwa umeharibika upande mmoja, ila sikio la kushoto lilikuwa salama, na kovu nyuma yake, la siku walipoanguka wote wawili kwenye mkokoteni wa tumbaku. Nzi walishafika. Akawafukuza kwa mkono, taratibu, mara mbili.

"Unamfahamu?"

"Hapana, afande."

"Hata kwa sura?"

"Hapana."

"Fundi," Katarina aliita kutoka kwenye Mbayuwayu, sauti imemkauka. "Njoo uliwashe. Baba anasubiri."

Askari alilamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika huku anasoma kwa sauti, kama wafanyavyo watu waliozoea.

"Mwanaume. Jina halijulikani. Kwao hakujulikani. Umri, kama miaka ishirini na minne."

Ishirini na saba, Dionis alitaka kusema. Ametimiza mwezi uliopita.

Akainuka, akaenda kuwasha gari.